Wifi Yangu Asiye na Nyongo

Mwaka ule wifi yangu Zuurakan alipoacha kula mkate, majirani walidhani amegombana na Mungu. Kwetu At-Bashi, kijijini kwa wafugaji wa milimani, mkate haukataliwi. Ukisimama mlangoni kwa mtu, hata kama umekwenda kuulizia ndama aliyepotea, mwenye nyumba atakuambia, "Onja mkate," nawe utamega, utaonja, ndipo uende zako. Zuurakan akawa anamega kipande kama punje ya ngano, anakigusisha mdomoni, anasema, "Nimeonja, Mungu akuzidishie," halafu anakitia mfukoni. Kuku wake walinenepa sana mwaka huo.

Mimi sikumcheka, maana nilijua kilichomfikisha huko. Zuurakan ni dada mkubwa wa mume wangu Mukash, na ni fundi wa mazulia ya manyoya ya kondoo, yale ya kushonwa kwa mkono ambayo hudumu miaka thelathini. Kazi hiyo yote iko vidoleni. Alipotimiza miaka hamsini na moja vidole vikaanza kufa ganzi, nyayo zikawa zinamwaka, na kiu haikumwisha hata akimaliza birika zima. Walipompima, sukari ilikuwa kumi na sita. Mama yao, Mungu amrehemu, alikatwa mguu kwa ugonjwa huo huo, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kuelezwa.

Daktari alimpa vidonge, akamwambia apunguze mkate, viazi, tambi na jamu.

"Kupunguza sikujui," Zuurakan aliniambia siku ile tulipokuwa tunarudi. "Nikionja andazi moja, la pili linaniita kwa jina. Mimi najua kuacha tu, wifi."

Na kweli akaacha. Akashika nyama ya kondoo na mafuta yake, mayai, siagi, malai mazito, na kabichi ya kuchachusha. Mume wangu ana kondoo mia na kitu, wa aina yetu hii wanaobeba mafuta mkiani, na kila alipochinja alimpelekea dada yake mkia mzima. "Kula, dada," humwambia. "Huyu alikuwa anakula majani ya kileleni." Baada ya mwaka mmoja Zuurakan alikuwa amepungua kilo ishirini na mbili, sukari imeshuka hadi sita, daktari amempunguzia vidonge, na vidole vimeamka. Akaanza kushona zulia la harusi la bintiye Perizat, jekundu na jeusi, lenye michoro ya pembe za kondoo dume kila pembeni.

Miaka mitatu mambo yakaenda hivyo. Tulizoea. Mimi ni mpishi katika shule ya chekechea, na kila jioni nilipopita kwake nilimkuta ameinamia zulia, bakuli la mchuzi ubavuni, ananisema kwa kuchelewa.

Kumbe alikuwa na siri. Kulikuwa na maumivu yaliyokuwa yakija chini ya mbavu za kulia na kupanda mpaka bega, yanakaa saa moja, yanaondoka. Alijiambia ni kuinama sana. Mwezi wa tisa, mchana, tukiwa kwenye karamu ya jirani, maumivu yalikuja na hayakuondoka. Nilimwona akiweka bakuli chini taratibu, kama mtu anayeweka mtoto aliyelala, halafu akalala ubavu pale pale mbele ya wageni, uso umekuwa rangi ya majivu.

Tulimpakia garini kwenda hospitali ya mkoa. Mukash alishika usukani, mimi nikakaa nyuma na kichwa cha Zuurakan mapajani mwangu.

"Mukash, polepole! Mashimo haya yananiua!"

Mukash akapunguza mwendo.

"Mukash, unaendesha gari au unachunga kobe? Nakufa huku!"

Akaongeza mwendo. Alikuwa analia bila sauti, mume wangu, mwanamume wa miaka arobaini na minane, machozi yanaingia kwenye masharubu.

Daktari aliyempokea aliitwa Uulkan, mwanamke mfupi mwenye mikono midogo. Alimpima, akatoka nje kutueleza. "Mfuko wa nyongo umejaa mawe, na jiwe moja limeziba njia. Tunautoa leo."

"Ni mafuta ndiyo yamefanya hivi?" Mukash aliuliza.

"Vitu vingi hufanya hivi. Umri, uzazi, damu ya ukoo, kupungua mwili kwa haraka. Huenda mengine yalikuwamo miaka mingi. Nipisheni nikafanye kazi."

Mume wangu hakusikia jibu. Alisikia swali lake mwenyewe.

Walimtoboa matundu manne madogo, wakautoa. Kesho yake tulimkuta amekaa kitandani, mezani kuna kikopo chenye mawe kumi na saba ya rangi ya kahawia, kama mbaazi zilizokauka.

"Haya, sasa sina nyongo," alisema kwa sauti ya kukwaruza. "Nitakuwa mpole kama njiwa. Mtanipenda mpaka mchoke."

"Njiwa gani anayemtukana nesi?" nilimwuliza, kwa kuwa tulikuwa tumemsikia tangu ukumbini.

"Alinichoma sindano kama anapigilia kigingi cha hema."

Tulicheka, naye akashika tumbo na kutuomba tusimchekeshe. Siku hiyo niliinua viganja vyangu mbele ya dirisha la hospitali, nikamshukuru Mungu kimyakimya, maana wifi huyu ndiye aliyenifundisha kuwasha jiko la kinyesi cha ng'ombe nilipoolewa, nikiwa binti wa mjini nisiyejua kitu, na hakunisema kwa mama mkwe hata siku moja.

Walipomruhusu walimpa Mukash karatasi ya maagizo ya chakula. Uji wa maji. Viazi vya kuchemsha. Mkate uliokaushwa. Asiguse mafuta, siagi, malai wala nyama nono. Mukash aliikunja karatasi ile kama hirizi. Alipofika nyumbani kwa dada yake alikoroga unga na maji, akaibandika ukutani karibu na jiko.

"Hiyo ndiyo sheria," alisema.

Mwanzoni tuliifuata kwa moyo wote, na ilimsaidia. Vidonda vikapona, maumivu yakaisha, akaweza kutembea hadi mtoni. Lakini uji ni uji, na viazi ni viazi. Mwezi wa kumi na moja sukari ilikuwa tisa. Mwezi wa kumi na mbili, kumi na moja. Baada ya mwaka mpya, kumi na nne. Kiu ikarudi, nyayo zikaanza kuwaka. Tabibu wa zahanati yetu alimwongezea vidonge, akasema kama haishuki itabidi aanze sindano. Siku moja nilimkuta amekaa mbele ya zulia, sindano ya kushonea iko mezani, mikono ameikalia.

"Uzi nausikia kama uko nyumba ya jirani," aliniambia. "Wifi, mama alianza hivi hivi."

"Basi tumwambie Mukash. Turudie chakula chako."

"Nilijaribu wiki iliyopita. Mayai mawili kwa siagi. Tumbo lilinikimbiza kama limeona mbwa mwitu." Alitazama ile karatasi ukutani. "Labda huo mlango umefungwa. Mtu aliyetolewa mfuko wa nyongo labda ndiyo basi tena. Nile mkate nife kwa sukari, au nile mafuta nife kwa tumbo. Nichagulie wewe."

Nilimpikia kabichi, nikarudi nyumbani, nikagombana na mume wangu. Nilimwambia dada yake anaharibika. Akasema mimi napika uji wa watoto, nimejuaje mambo ya nyongo. Nikasema na yeye anachunga kondoo. Tulilala mgongo kwa mgongo.

Mwezi wa tatu wakaja wakwe. Kijana aliyemposa Perizat alitoka Kochkor, ng'ambo ya mlima, na watu wa kwao walikuja sita, pamoja na mama yake, Kalicha. Kalicha alikuwa na miaka kama sitini, mrefu, uso umechomwa na jua na upepo, mfugaji wa farasi aliyefiwa na mume na kubaki na kundi lake. Alivua viatu vyake vya ngozi mlangoni akisema, "Mkwe, nyumba yako ina joto kama tumbo la farasi jike. Sitoki humu."

Uchumba wa kwetu haufungwi kwa maneno. Hufungwa kwa ini na mafuta ya mkia. Huchemshwa, hukatwa vipande, huchanganywa na maziwa ya mgando, na wazazi wa pande mbili hulishana kwa mkono. Wakishameza, hakuna tena wa kurudi nyuma. Nilipoleta lile bakuli nilimwangalia Zuurakan, naye akanikwepa macho. Nilikuwa nimemwambia mapema agusishe tu mdomoni kama anavyofanya mkate. Lakini alikuwa na binti mmoja, na mume alishamtangulia kaburini miaka tisa iliyopita. Kalicha alipomnyooshea kipande, alifungua mdomo akala.

Wakashangilia. Mjomba mmoja wa Kochkor, mwenye kelele, akasema, "Aa, huyo amekula ini tu! Mafuta ameyaacha! Anatuonea haya au anatubania binti?" Watu wakacheka. Zuurakan akachukua mwenyewe kipande cha mafuta, kinene kama kidole gumba, akala. Halafu cha pili.

Hazikupita dakika ishirini. Nilikuwa namimina chai nilipomwona anainuka, anatabasamu, anasema anakwenda kuangalia jiko. Alitoka bila koti. Nilichukua koti lake na birika la maji ya vuguvugu nikamfuata. Theluji ilikuwa inaanguka, na nyayo zake zilikuwa zimeachana sana kama za mtu anayekimbia, moja kwa moja hadi choo cha mwisho wa ua.

"Wifi," nilimwita mlangoni. "Nina koti."

"Nenda zako. Niache nife na aibu yangu."

Nyuma yangu nikasikia theluji inapondwa. Alikuwa Kalicha, ameingiza miguu katika viatu vya mtu mwingine. Nilitaka kusema uongo wowote, kwamba ni mafua, kwamba ni presha. Hakunipa nafasi. Alipita, akagonga ubao wa mlango.

"Mkwe! Walikutoa mfuko wa nyongo lini?"

Sauti ya Zuurakan ikatoka ndani: "Nani kakuambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Nimekuona ulivyotoka. Mimi nami nilitoka vivyo hivyo kwenye matanga ya shemeji yangu. Tofauti yetu ni kwamba wewe umefika chooni."

Nilishika mdomo. Ndani nikasikia wifi yangu anacheka, kicheko kilichochanganyika na kilio, na mlango wote wa mbao ukawa unatikisika.

"Wewe huna pia?" aliuliza.

"Mwaka wa saba huu."

"Na umekula mafuta leo. Nimekuona. Vipande vitatu."

"Vinne. Kimoja nilikula jikoni kabla hamjaniona. Toka basi, tunaganda huku nje, na mkwe nimempata leo leo."

Perizat na wageni hawakuambiwa lolote. Tulimwingiza Zuurakan kwa mlango wa jikoni, tukamlaza karibu na jiko, Kalicha akarudi sebuleni akatangaza kwamba mama wa binti ameshikwa na furaha na asisumbuliwe.

Mungu ana namna yake. Kesho yake theluji ilifunga njia ya mlimani, na wakwe wakakwama kwetu siku mbili. Wanaume walicheza karata na Mukash. Kalicha alikaa jikoni na sisi wawili.

"Hebu nieleze," Zuurakan alimwambia. "Mimi nikila mayai mawili nakimbia. Wewe unakula mkia."

"Umewahi kumpasua farasi?"

"Mara nyingi."

"Umewahi kuona mfuko wa nyongo ndani yake?"

Zuurakan alifikiri. Mimi nilijua jibu, na yeye alijua. Kila mtu wa kwetu anajua. Ng'ombe anao, kondoo anao, farasi hana.

"Hana," alisema.

"Hana. Lakini nyongo anayo. Inatoka kwenye ini, tone, tone, tone, kutwa nzima, kwa sababu haina pa kuhifadhiwa. Ndiyo maana farasi hali mlo mmoja mkubwa kama mbwa mwitu halafu akalala. Anakula kidogo, anasogea, anakula kidogo. Mimi nilikuwa kama wewe, miezi mitano nalia. Nikamweleza daktari wangu, akaniambia ini langu bado linafanya kazi, ila ghala ndilo limeondoka. Nikatazama majike yangu malishoni nikasema, ala! Kumbe walimu wangu hawa hapa."

"Lakini farasi anakula majani."

"Na wewe una masikio kama yake, ila huyatumii. Nimesema namna ya kula, sikusema cha kula!"

Akamwonyesha. Alichukua kijiko cha chai, akakijaza siagi, akakikoroga ndani ya bakuli dogo la mchuzi wa nyama isiyo na mafuta. "Leo hiki tu, na kabichi na nyama. Saa tatu baadaye, kingine. Usile mafuta peke yake, mafuta yawe na mwenzake. Kaa hivyo siku tatu, nne. Tumbo likinyamaza, ongeza nusu kijiko. Likilalamika, rudi nyuma, usijitie ushujaa. Na ukishakula, tembea. Lakini kabla ya yote nenda ukamwone daktari wako, umwambie, maana mimi nazalisha majike tu, na wewe una vidonge vya sukari ambavyo mimi sivijui."

Mukash aliingia wakati huo kutafuta chai, akaona siagi inaelea juu ya bakuli la dada yake. Alilitwaa kutoka mkononi mwa dada yake.

"Hapana," alisema. "Samahani, mkwe, wewe ni mgeni wetu na nakuheshimu. Lakini karatasi ya hospitali ile pale. Soma mwenyewe. Mafuta, asiguse."

Kalicha alikwenda ukutani akaisoma, midomo inacheza. Halafu akaingiza ukucha pembeni. "Nyuma inasemaje?"

"Nyuma ya nini?"

"Ya karatasi. Yangu ilikuwa na maandishi kote."

Tulitazamana. Mukash alikuwa ameibandika kwa gundi ya unga, na unga wetu ukikauka ni saruji. Nilileta kitambaa cha maji ya moto, tukailowesha, tukaibandua polepole. Maandishi ya nyuma yalikuwa yamefifia lakini yanasomeka. *Chakula hiki ni kwa wiki sita tu. Baada ya hapo mgonjwa arudishe mafuta kidogo kidogo. Mgonjwa ana kisukari: arudi kliniki kuzungumzia chakula.*

Wiki sita zilikuwa zimekwisha mwezi wa kumi na moja.

Zuurakan angeweza kumtafuna mzima mzima, na ningemwachia. Alifungua mdomo. Lakini Mukash alikuwa amekaa chini sakafuni, bakuli bado liko mikononi, anatazama siagi inavyoganda.

"Mimi ndiye niliyekuletea ile mikia," alisema. "Kila nikichinja. Nilijisifu kwa watu kwamba namponya dada yangu. Halafu ukalala ubavu kwenye nyumba ya watu na nikaona nimekuua kwa mkono wangu. Sikutaka kukuua mara ya pili."

Theluji iliporomoka kutoka paani, ikatua uani.

"Mjinga wewe," Zuurakan alisema hatimaye, polepole. "Ile mikia yako ilinipa vidole vyangu miaka mitatu. Nipe bakuli langu, linapoa."

Akampa.

Njia ilipofunguka wakwe waliondoka, nasi tukaenda kwa Daktari Uulkan, watatu. Mukash ndiye aliyezungumza kwanza, akakiri habari ya gundi, kisha Zuurakan akasimulia mafundisho ya Kalicha. Daktari alimtazama, akatazama karatasi iliyokunjamana, akaweka mkono juu ya macho yake kidogo. Sijui kama alikuwa anacheka.

"Mama," alimwambia Zuurakan, "ungekuja mwezi wa kumi na moja tusingefika kumi na nne. Lakini hatujachelewa. Mkwe wako amekueleza vizuri kuliko mimi. Ongeza mafuta taratibu, milo iwe midogo mitano, pima sukari asubuhi na baada ya kula, na uandike. Unapoondoa mkate na viazi, sukari itashuka, na vidonge lazima tuvirekebishe tusije tukakuangusha. Njoo kila wiki mbili. Ukiona kinyesi cheupe au macho ya manjano, au maumivu yale yakirudi, usingoje siku."

Nilinunua daftari. Sikumwamini Zuurakan kuandika, kwa hiyo niliandika mimi. Jumatatu: kijiko kimoja, mara tatu, tumbo kimya. Alhamisi: kijiko kimoja na nusu, tumbo limenung'unika. Ijumaa: amekula malai kwa wizi, amekimbia, amejuta, amenikataza kuandika, nimeandika. Wiki ya tatu alikuwa anakula yai moja kwa siagi. Wiki ya tano, mayai mawili, na ilipofika saa ya kukimbia hakukimbia. Tulikaa jikoni mimi na yeye tukitazama saa ya ukutani kama watu wanaongoja basi. Dakika ishirini. Nusu saa. Saa nzima.

"Limelala," alisema, akagusa tumbo.

"Usiliamshe."

Kila Jumapili Kalicha alipiga simu kutoka Kochkor, na salamu zake zilikuwa zile zile: "Mkwe, unachunga au umekaa?" Akimaanisha kama ametembea baada ya kula. Zuurakan alitembea hadi mtoni na kurudi, mara tano kwa siku, mpaka mbwa wa kijiji wakaacha kumbwekea.

Sitasema kila kitu kilirudi kama zamani. Vya kukaanga mpaka leo haviwezi. Soseji ya farasi anakula kipande kimoja chembamba, akizidisha anajua mwenyewe. Kuna siku tumbo huamka vibaya bila sababu, na siku hiyo hurudi kwenye mchuzi mwepesi na hakuna anayemlaumu. Lakini mwezi wa sita sukari ilikuwa saba. Mwezi wa saba, sita na nusu, na Daktari Uulkan alikata vidonge nusu, akasema sindano tuisahau kwa sasa. Nilikuwa nimesimama karibu, nikamwona wifi yangu anashika mkono wa yule daktari mdogo kwa mikono yake miwili, anaubusu, na daktari anajaribu kuuvuta huku masikio yamekuwa mekundu. Safari iliyofuata alimpelekea viatu vya nyumbani vya manyoya, alivyoshona mwenyewe, na yule nesi wa sindano naye akapata jozi yake.

"Huyo naye?" nilimwuliza.

"Alinichoma, lakini usiku ule wa kwanza alinigeuza mara nne nilipokuwa siwezi kugeuka. Nilimtukana kila mara. Akaendelea kunigeuza."

Zulia alilimaliza wiki moja kabla ya harusi. Nililikunjua juu ya nyasi uani nikatafuta mahali ambapo mishono ilikuwa imesimama wakati wa baridi na kuanza tena wakati wa joto. Sikupapata. Alinionyesha yeye mwenyewe kwa kidole: hapa, karibu na pembe hii, palipo na mishono mitatu mikubwa. "Hapa nilikuwa siisikii sindano," alisema. "Nilitaka kuifumua. Nimeiacha."

Harusi ilikuwa Kochkor, mwezi wa nane, kwenye malisho ya Kalicha, majike yakiwa yamefungwa kamba ndefu na watoto wao. Kalicha alikuwa amemwandalia mkwe wake bakuli dogo la peke yake: nyama laini, mafuta kiasi, vitunguu vya mwituni, bila tambi. Hakusema kitu alipoliweka. Zuurakan alikula robo, akainuka akatembea kuzunguka hema, akarudi akala robo nyingine. Watu wa Kochkor walidhani ni mila ya At-Bashi. Mjomba yule mwenye kelele alianza naye kuzunguka hema kati ya kila bakuli, kwa heshima.

Mwisho wa chakula, kabla ya kuondoa kitambaa cha kulia, mtu mzima huinua viganja na kuomba dua. Walimpa Zuurakan. Nilitarajia dua ya kawaida, watoto wengi, mifugo mingi, maisha marefu. Aliyasema hayo yote. Halafu akaendelea, viganja bado viko juu.

"Namshukuru Mungu kwa daktari mwenye mikono midogo," alisema. "Namshukuru kwa mkwe wangu, aliyenifuata hadi pale ambapo hakuna mtu humfuata mgeni. Namshukuru kwa ndugu yangu, ambaye mapenzi yake ni mazito kama mkia wa dume na yanahitaji kutafunwa vizuri." Watu wakacheka, Mukash akainamisha kofia. "Na kwa wifi yangu Ayimkan. Miaka ishirini na mbili yuko katika ukoo wetu, na sijawahi kumwambia neno zuri mbele ya watu, kwa sababu tulifundishwa kwamba mke wa ndugu hasifiwi, ataharibika. Basi aharibike. Aliandika kila kijiko nilichokula. Mungu amwandikie hivyo hivyo."

Kila mtu akapitisha viganja usoni. Mimi nilichelewa kushusha vyangu. Nilivibakiza hapo usoni kwa muda, kwa sababu macho yangu yalikuwa yamejaa na sikutaka watu wa Kochkor waanze kuniuliza ninaumwa nini. Zuurakan, aliyekuwa amekaa kando yangu, alinisukuma kwa kiwiko.

"Inuka, wifi," alinong'ona. "Twende tukatembee."